Sura ya Tano: Kifurushi cha Furaha Nyumbani

Mkuu wa kituo alitaka jalada la Mzee Koti lifike kwa mwendesha mashtaka alasiri hiyo hiyo, na alilitaka bila maswali. Mpelelezi aliyekabidhiwa kesi alikuwa mwanamke mfupi ambaye kituo kizima kilimwita Pilipili, na maswali alikuwa nayo tele.

"Mtu amekufa," Mkuu alisema. "Mwalimu wa hisabati, mgonjwa wa kisukari, amejichoma insulini iliyoharibika kwa joto. Maabara imethibitisha. Insulini imetoka ghala lile la dawa, mtunza chumba cha baridi ni mmoja tu, na yuko ndani. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta siku intaneti ilipokatika."

"Mwenye ghala ameshasema. Jumanne, siku tuliyokwenda kumkamata mzee."

"Ameshasema yeye. Sasa nataka aseme mtu mwingine."

Akachukua jalada, akatoka.

Mzee Koti alipewa jina hilo kwa sababu ya koti zito la manyoya alilovaa hata jua la mchana likiwaka. Miaka ya kuingia na kutoka kwenye chumba cha baridi ilikuwa imemkaa mifupani. Siku ya kukamatwa walimvua koti pamoja na mkanda na viatu, kama utaratibu unavyotaka, na sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu amejikumbatia. Pilipili alilitazama benchi lile, akamtazama askari wa zamu, akatamani kumtukana mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nieleze tena. Umeme ukikatika ghalani, inakuwaje?"

"Mashine ya kupima joto ina betri yake. Kile kisanduku cha intaneti nacho kina betri yake. Joto likipanda, mashine inapeleka habari kupitia intaneti, simu yangu inalia. Ikilia, nakimbia kuwasha jenereta. Jenereta yenyewe ni ya kuwasha kwa mkono."

"Na kabla ya hiyo mashine?"

"Nilikuwa nalala pale pale, chumba cha nyuma. Bosi akasema hana sababu ya kumlipa mtu kulala, mashine itaniita nyumbani."

"Umeme ulikatika Jumamosi usiku, wiki mbili nyuma, ukarudi Jumapili mchana. Simu yako ililia?"

"Haikulia. Kwangu taa zilikuwa zinawaka, ningejuaje? Jumatatu nafika, umeme upo, chumba kimepoa kama kawaida. Nikatoa mzigo." Akaitazama mikono yake. "Katoni ile nilimpa dereva kwa mikono hii hii."

"Intaneti ilikufa lini?"

"Alhamisi, kabla ya hiyo Jumamosi. Nilikuta taa ya kisanduku ni nyekundu. Nikamwambia Bosi. Akanijibu, nimeshawapigia, usijitie ufundi. Nikamwomba basi nirudi kulala ghalani mpaka itengenezwe. Akakataa, akasema nikiendelea kumpigia kelele nikatafute kazi kwingine."

"Kabla ya Alhamisi ilikuwa nzima?"

"Nzima ya kusuasua. Mchana sawa. Jioni tukijaribu king'ora, simu inalia mimi nimeshakunywa chai na kikombe nimeosha."

Pilipili alilitia akilini hilo la jioni. "Bosi wako anasema intaneti ilikuwa nzima mpaka Jumanne. Anasema simu ililia usiku ule, ukaizima ukalala. Halafu uliposikia polisi wanakuja, ukakata waya ili ionekane simu haikuwa na njia ya kulia."

Mzee alicheka kicheko kikavu. "Nikate waya ninaoupangusa vumbi kila asubuhi?"

Kesi yote ilisimama hapo. Mashine ya joto ilikuwa ya bei rahisi, ilijua kupiga kelele tu na haikutunza kumbukumbu yoyote. Simu ya mzee nayo, king'ora kikishazimwa, haibaki na alama. Kama intaneti ilikufa Jumanne, mzee aliisikia simu akajigeuza upande wa pili, na mwalimu akafa kwa uvivu wake. Kama ilikufa Alhamisi ile, simu isingeweza kulia kabisa, na mzee alikuwa anaangushiwa jumba bovu.

Ghala lilikuwa mtaa wa mafundi wa vyuma, mahali ambapo cheche huruka hadi barabarani. Pilipili alifika na konstebo wake, kijana mrefu anayependa kuchora michoro ya eneo la tukio hata pasipo na haja. Mwenye ghala aliwapokea mlangoni. Suti imenyooshwa, marashi yanatangulia, mikono miwili imetolewa kwa salamu.

"Karibu, Afande, karibuni sana. Yaani msiba huu umenivunja. Sisi hapa hatuchezi na maisha ya watu."

"Mtandao wenu ni wa kampuni gani?"

"Wale wenye mabango ya njano. Mtandao wa kibiashara, wa uhakika. Kwa kazi kama hii huwezi kubahatisha."

"Naomba risiti ya malipo ya mwezi wowote."

"Mhasibu wangu amesafiri."

"Na kabati la mhasibu limesafiri?"

Bosi alicheka, akampiga Konstebo begani kama vile yeye ndiye aliyetania. Risiti haikutoka.

Waya uliokatwa ulikuwa nje, ubavuni mwa jengo, kama picha za jalada zilivyoonyesha. Pilipili alichuchumaa. Shaba kwenye ncha ilikuwa inang'aa, kwa hiyo haukuwa umekatwa zamani. Akaushika waya, akaufuata kwa kiganja kama mtu anayepapasa njia gizani. Ulipanda ukutani, ukaingia tundu la tofali, ukatokea ofisini nyuma ya kabati la mafaili. Walisukuma kabati. Waya uliishia kwenye soketi ya simu ya mezani, ile ya enzi za kuzungusha namba kwa kidole. Utando wa buibui ulikuwa umeifunika yote, na buibui mwenyewe yumo.

"Hii si ya intaneti," Konstebo alisema.

"Ya intaneti ni ipi?"

Waliutafuta. Ulikuwa mwembamba, mweusi, ulipita dirishani hadi kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya rafu. Ulikuwa mzima kuanzia nguzo ya nje hadi ndani, safi, hauna hata vumbi. Kisandukuni iliwaka taa nyekundu.

"Kwa hiyo aliyekata amekata waya wa simu iliyokufa," Konstebo alisema taratibu. "Hakujua wa intaneti ni upi."

"Mzee anaujua. Anaupangusa kila asubuhi. Sasa fikiria ni nani humu ndani asiyejua."

Konstebo aligeuka kuutazama mlango wa ofisi, akafunga daftari lake la michoro.

Pilipili alikipindua kisanduku, akapiga picha namba iliyobandikwa chini yake. Kisha akaomba kufunguliwa chumba cha baridi. Aliingia, baridi ikampiga usoni, na alichokiona kikamfanya asahau baridi. Rafu zilikuwa zimejaa katoni mpya, gundi ya vifungashio bado inang'aa.

"Mzigo huu umeingia lini?"

"Jana," Bosi alijibu akiwa mlangoni. "Biashara haisimami, Afande. Wagonjwa wanasubiri dawa."

"Intaneti imekufa. Mtu wako yuko mahabusu. Umeme ukikatika usiku, nani atajua?"

"Nimeshawapigia wale wa mtandao. Na mtu tunatafuta."

Mwalimu alikuwa kaburini na huyu bwana amejaza rafu upya, hana hili wala lile. Pilipili alitoka, akawapigia simu wakaguzi wa dawa. Wakaahidi kufika kesho asubuhi. Aliwaambia neno moja lisiloandikika, akakata.

"Wewe unabaki hapa," alimwambia Konstebo. "Unasoma kipimajoto. Umeme ukikatika unawasha jenereta."

"Afande, jenereta sijawahi..."

"Utajifunza."

Ofisi ya kampuni ya mtandao ilikuwa na viti vya njano na watu wengi waliokaa wakikodolea macho namba za foleni ukutani. Pembeni ya kaunta lilisimama bango kubwa la familia inayocheka juu ya sofa. Pilipili hakuchukua namba ya foleni. Alionyesha kitambulisho na hati ya mahakama aliyokuwa ameiomba asubuhi. Akapelekwa kwa meneja wa huduma, mama mmoja mwenye miwani miekundu na sauti ya upole wa kazini.

Meneja aliandika jina la ghala kwenye kompyuta. "Hakuna kampuni hiyo, Afande."

"Tafuta tena."

"Nimetafuta kwa wateja wote wa biashara. Hayupo."

Pilipili alimpa picha ya namba iliyokuwa chini ya kisanduku. Meneja akaiandika, akasubiri, kisha akavua miwani.

"Huyu si kampuni. Ni mtu binafsi, mteja wa nyumbani. Amejiandikisha kifurushi cha Furaha Nyumbani. Kwenye maelezo ya eneo amesema ni sebuleni."

"Sebuleni," Pilipili alirudia. Alikumbuka katoni zile. "Hebu nieleweshe. Intaneti si intaneti tu?"

"Nyaya zinaweza kuwa zilezile. Kinachotofautiana ni ahadi. Mteja wa biashara tuna mkataba naye. Ikikatika, mitambo yetu inatuambia hata kabla hajapiga simu. Fundi anaondoka siku hiyo hiyo, tukichelewa tunamlipa fidia. Wengi tunawawekea na njia ya pili, moja ikifa nyingine inachukua."

"Na wa nyumbani?"

"Anagawana njia na mtaa. Jioni watu wakirudi wakafungua filamu, kila mmoja anabaki na kipande. Na kasi ya kutuma ni ndogo kuliko ya kupokea, kwa sababu mtu wa sebuleni kazi yake kubwa ni kupokea. Ikikatika, anasubiri zamu yake. Hatujui kama anaangalia mpira au anafanya nini."

Ndiyo maana mzee alimaliza chai kabla simu haijalia. Pilipili aliandika.

"Lakini masharti yako wazi," Meneja aliongeza. "Kifurushi hiki si cha biashara, wala si cha vifaa vya matibabu au usalama."

"Yako wazi wapi?"

Meneja alinyoosha kidole kwenye bango. Chini kabisa, miguuni mwa ile familia, palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama sisimizi. Pilipili aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akainuka na kusoma ya juu kwa sauti, mpaka watu wa kwenye viti wakageuka. "Intaneti ya Uhakika kwa Kila Hitaji! Hii mmeiandika kubwa kama kichwa changu. Insulini si hitaji?"

"Mimi sitengenezi matangazo, Afande."

"Najua. Hakuna anayetengeneza chochote. Kila mtu yuko kaunta tu." Alishusha pumzi. "Huyu mteja wenu wa sebuleni, aliwahi kupiga simu kulalamika?"

Meneja alitazama. Mteja aliwahi. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi ile, asubuhi.

Pilipili aliipigia tarehe hiyo mstari daftarini. Mzee alikuwa amesema kweli, na hilo peke yake lilitosha kumtoa. Lakini hasira yake ilikuwa haijashiba. "Simu za huduma kwa wateja huwa mnazirekodi?"

"Zote."

Alipewa vya masikioni, akasikiliza mara moja. Alipovivua, Meneja alimuuliza kama anataka maji.

"Nataka nakala," Pilipili alisema.

Mwenye ghala aliitwa kituoni kusaini maelezo yake. Alikuja upesi, akakaa mbele ya meza, akakunja mguu juu ya mguu. Mkuu wa kituo alisimama dirishani, saa mkononi, jalada bado halijaondoka na uso wake ukisema hivyo.

"Tuhakikishe tu kabla hujasaini," Pilipili alisema kwa upole uliomtia Mkuu wasiwasi. "Intaneti yenu ni ya kibiashara?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa nzima usiku ule wa Jumamosi?"

"Nzima kabisa. Ilikufa Jumanne, mzee alipokata waya. Inaniuma kusema, nimekaa naye kama baba yangu."

"Kabla ya Jumanne hukuwahi kupata tatizo lolote?"

"Sikuwahi."

"Saini hapo."

Akasaini kwa mbwembwe, mkia wa saini ukapita ukingo wa mstari. Pilipili alivuta karatasi kwake, akaiweka simu mezani, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya msichana mchangamfu. "Habari za asubuhi, karibu huduma kwa wateja."

"Intaneti yangu imekufa tangu alfajiri." Hata Mkuu aliitambua sauti hiyo. Aligeuka kutoka dirishani.

"Pole sana mzee wangu. Naona ni hitilafu ya boksi la mtaa. Mafundi wana foleni ndefu, kwako watafika wiki ijayo, huenda zaidi. Ila sehemu zenye dharura tunazitanguliza leo leo. Hapo ni nyumbani, au kuna biashara, zahanati, kitu cha namna hiyo?"

Kukawa kimya. Katika kimya hicho, nyuma ya mpiga simu, kilisikika mngurumo mzito usiokatika. Pilipili alikuwa ameusikia mwenyewe asubuhi ile, akiwa amesimama katikati ya katoni. Ulikuwa mtambo wa chumba cha baridi.

"Nyumbani," sauti ya Bosi ilisema.

"Hakuna kifaa cha matibabu au cha usalama kinachotegemea mtandao huu?"

"Hamna, binti. Ni sebule tu. Watoto wanaangalia katuni."

"Basi nikuweke foleni ya kawaida?"

"Niweke. Hakuna haraka."

Simu ikakatika. Bosi alishusha mguu uliokuwa juu ya mguu.

"Afande, nielewe. Ningesema ni ghala wangenihamisha kwenye kifurushi cha biashara. Unajua bei yake? Ni mara kadhaa! Kila mtu anafanya hivi. Mtaa mzima ule, maduka yote..."

"Mtaa mzima haukuacha mashine ilinde insulini kwa intaneti ya katuni." Upole ulikuwa umemwisha. "Msichana wa watu alikupa mlango. Alikuuliza mara mbili! Neno moja tu, ghala, na fundi angefika siku ile ile. Mzee akakuomba alale pale bure, ukamfukuza. Halafu maabara walipokupigia, ukachukua koleo ukakimbilia ukutani, ukakata waya wa simu ya enzi za babu yako. Hata waya wa kumsingizia mtu hukuujua, mkono wa birika wewe!"

"Mimi sikujua mtu atakufa."

"Hesabu ya akiba yako angekupigia vizuri yule mwalimu. Bahati mbaya tumechelewa kumuuliza."

Mkuu wa kituo alirudisha saa mfukoni. Akalichukua jalada mezani, akafuta jina lililokuwa juu yake kwa mistari miwili, akampa Pilipili kalamu. Ni kitu pekee cha maana alichofanya wiki ile, na Pilipili alimshukuru kwa kutikisa kichwa.

Askari wa zamu alianza kumvua Bosi mkanda. Bosi akapandisha sauti. "Wakili wangu yuko njiani! Nipeni dhamana upesi, nina mzigo ghalani. Umeme ukikatika usiku huu..."

Alisikia mwenyewe alichosema, akafumba mdomo.

"Utawekwa foleni ya kawaida," Pilipili alisema. "Viatu pia."

Alishuka mahabusu na ufunguo mkononi. Mzee Koti alikuwa bado kwenye benchi lile lile. Alimweleza kwa kifupi, simu ile, katuni, waya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuruka kwa furaha wala hakushukuru. Alitikisa kichwa kidogo aliposikia yale maneno ya Bosi, hakuna haraka, kama mtu aliyeambiwa habari ya ndugu yake mwenyewe.

"Mzigo mpya umeingia?" aliuliza.

"Jana."

"Nani anasoma kipimajoto?"

"Konstebo wangu."

"Jenereta anaiweza? Ile ina namna yake. Ukiivuta kwa nguvu inagoma."

"Wakaguzi wanakuja kesho asubuhi, mzee. Nenda nyumbani ukapumzike. Mkeo amekaa nje tangu saa sita anakusubiri."

Mzee alikuwa ameshasimama, mikono imejikunja kifuani, macho yanatafuta kwenye rafu ya vitu vya mahabusu.

"Mke wangu haharibiki kwa joto, mwanangu," alisema. "Nipeni koti langu."